Mkeka Uliopungua Ukili Mmoja

Bi Mize alizikwa Jumatano alasiri, na Ijumaa, siku ya hitima, ikaonekana kuwa nyumba yake haina mikeka ya kutosha kukalia watu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa sauti, ingawa kila mwanamke aliyeingia aliliona. Tuliazima kwa majirani, tukatandika hadi ukumbini, na mwisho mtu mmoja akapanda kitandani akaushusha mkeka uliokuwa umekunjwa na kulazwa juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa cha kanga. Niliujua kabla haujafunguliwa. Pembeni mwake kulikuwa na kipande cha nguo nyeupe chenye muhuri wa wino wa buluu, na maneno ya muhuri ule niliyapiga chapa mimi, katika mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na nikiishi katika nyumba hiyohiyo. Sina desturi ya kuandika habari za ujana wangu. Nimeandika za mwaka huu mmoja kwa sababu waliobaki wanaoujua ni wawili tu, na mwenzangu hajui kuandika.

Nyumba iko Sokomuhogo, chini ya ghorofa ya watu wengine. Ina vyumba viwili na uwanja mdogo wa ndani usiopata jua ila adhuhuri. Chumba cha mbele alilala Bi Mize, na mimi nilikipanga cha nyuma. Alikuwa ameletwa mjini kutoka Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kwa kuolewa, akafiwa na mume, akabaki. Kila wiki gari la shamba lilimletea mzigo wa ukindu uliokaushwa, naye aliuchemsha uani katika sufuria zilizotengwa na za kupikia, moja ya rangi nyekundu iliyoiva, ile tuiitayo damu ya mzee, na nyingine ya rangi nyeusi. Siku za kutia rangi nyumba nzima ilinuka majani na kutu, na hata chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, tuliyokunywa jioni kwa mkate wa mofa ilikuwa na harufu hiyo. Baada ya kula alikaa mlangoni mwa chumba chake, miguu ameinyoosha, anasuka. Mkeka hausukwi mzima. Husukwa mikanda mirefu myembamba, kila mmoja huitwa ukili, kisha mikanda hiyo hushonwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa hadi upana utimie. Bi Mize alisuka bila kutazama mikono. Alinitazama mimi, na kuuliza yaliyosemwa ofisini.

Ofisi ilikuwa ya wakili mmoja wa Kiparsi, Vakili Rustam, juu ya duka la vitambaa, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Nilijifunza kupiga chapa peke yangu, kwa mashine mbovu ya mjomba wangu na kitabu kisichokuwa na jalada, na Kiingereza nilikisoma kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayepalilia shamba. Msichana wa buibui kugonga mashine katika ofisi ya wanaume lilikuwa jambo la kuzungumzwa barazani, nalo lilizungumzwa. Bi Mize alilijibu mara moja tu, kwa mama mmoja aliyekuja kumwonya kwa ajili yangu. Alimwambia kwamba mikono ya Zuhura, ndilo jina langu, ikigonga au ikisuka ni mikono ileile, na akamkaribisha chai.

Mambo yalianza kwa paji la uso la Maalim Sefu, jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinunua Darajani mkeka aliouziwa kwa jina la mkeka wa Makunduchi, akautandika kuswalia. Ilikuwa miezi ya joto, mtu hutoka jasho hata akisujudu. Siku ya tatu alitoka nje na paji la zambarau. Vijana wa barazani walimpisha kwa adabu zote, kisha mmoja akamwuliza kama sijida yake imeanza kuota maua. Mwingine akasema wengine sijida zao nyeusi kwa ibada ya miaka, ya Maalim imekuja na rangi ya Idi kabisa. Maalim alikuja moja kwa moja mlangoni kwetu na mkeka kwapani.

"Bi Mize," alisema, "watu wenu wa kusini wana nini na mimi?"

Bi Mize alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akaupokea mkeka, akaugeuza, na kicheko kikamwisha. Haukuwa wa kusini. Uliletwa kwa chombo kutoka mrima, pwani ya bara, pamoja na mingine mingi, na mwenye duka alikuwa akiiuza yote kwa jina moja. Kesho yake Bi Mize alikwenda kumkabili, nami nilifuatana naye. Mwenye duka hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba jina halina mwenyewe. Makunduchi ni neno tu, na mtu yeyote aweza kulitia mdomoni. Tuliporudi, Bi Mize alisimama mlangoni, akaniuliza kama hayo ni kweli katika vitabu vya bwana wangu.

Nilimwuliza Vakili Rustam nikitaraji kuambiwa nirudi kwenye kazi yangu. Badala yake aliivua miwani. Alikuwa mtu mkavu, aliyechoshwa na kesi za mirathi na kodi za nyumba, na swali hili lilimpendeza kama mtu mwingine apendezwavyo na stempu adimu. Sheria ya alama za biashara, alinieleza, huwa inalinda alama ya mfanyabiashara mmoja. Lakini mna mlango mdogo ndani yake: watu wa mahali pamoja waweza kusajili alama isiyosema nani anauza, bali inasema kitu kimetengenezwa wapi na kwa namna gani. Asiyekuwa wa mahali pale, au asiyefuata namna ile, hawezi kuitumia. Tangu wakati huo nimesoma kwamba nchi nyingine zina sheria nzima za majina ya mahali, za jibini na mvinyo na mazulia, na mabishano yake yamejaza maktaba. Sisi hatukuwa na maktaba. Tulikuwa na mlango huo mdogo, na Vakili alisema tutapita kwa sharti moja, nalo ni kulieleza jambo letu kwa maneno ambayo jaji asiyewahi kuuona mkeka atayaelewa.

Basi nilitumwa Makunduchi, kwa kuwa wanawake wa huko wasingekaa kuzungumza na Vakili. Bi Mize alinipeleka kwa dada yake mkubwa, Bi Riziki, nyumba ya mawe na udongo yenye sebule ndefu, na humo tulikuta wanawake wamejaa, kila mmoja na ukili wake mkononi. Tulilishwa muhogo kwa pweza wa nazi. Nilitoa karatasi, nikauliza swali la kwanza la Vakili, ambalo lilionekana jepesi: mkeka wa Makunduchi unaanzia wapi na kuishia wapi? Vicheko vilipoisha nikagundua kuwa hawakubaliani. Wako waliotaka Makunduchi peke yake. Wako walioolewa Jambiani na Paje, nao wakataka mpaka upande kaskazini. Mmoja akasema Jambiani waingizwe, kusuka wanajua, ila wasiachiwe sufuria ya rangi. Mama wa Jambiani aliyekuwapo akamjibu kwamba rangi ya Makunduchi inasifiwa na watu waliotoka nayo katika paji la uso tu. Habari za Maalim zilikuwa zimefika kabla yetu. Mwisho walikubaliana juu ya ukanda mzima wa kusini, kutoka Paje hadi Mtende, na nikaandika.

Katika sebule hiyo nilionyeshwa mkeka wa Mwanajuma, binti wa Bi Riziki, msichana wa umri wangu aliyekuwa karibu kuolewa. Desturi yao ni kwamba mkeka wa bibi harusi haushonwi kwa kili za mkono mmoja. Kila mwanamke wa upande wa mama hutoa ukili wake, popote alipo, na mama mwenyewe ndiye anayezishona. Ukili wa Bi Mize aliusuka Sokomuhogo, mbele ya macho yangu, jioni kwa jioni, damu ya mzee na nyeusi, na katika mkeka ule ulikaa kati. Bi Riziki aliukunjua ili niuone, akapitisha kiganja juu ya ukili wa mdogo wake, akaukunja tena.

Mwenye duka wa Darajani alipopata habari aliweka wakili wake pia. Na hakuwa mjinga. Alitangaza kwamba kama mkeka wa Makunduchi ni namna ya kusuka, yeye atakodi ghala, atawaweka humo wanawake kutoka popote, atawafundisha namna hiyo, na mikeka yake itakuwa halali kama ya mtu mwingine yeyote. Vakili Rustam aliisoma barua hiyo mara mbili. Akaniagiza nibadilishe kifungu: mkeka uwe umetiwa rangi, umesukwa na umeshonwa, yote matatu, ndani ya mpaka ulioandikwa. Nilikuwa nimekwisha kuweka karatasi kwenye mashine nilipofahamu maana yake. Nilimweleza kwamba yuko mwanamke mmoja mjini, mzaliwa wa huko, aliyeianzisha kesi hii. Alinisikiliza. Akasema sheria haiwezi kuweka mlango wa mtu mmoja, kwa sababu mwenye duka atapita humohumo na ghala lake zima. Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka thelathini na sijalipatia kasoro.

Jioni ile nilimwambia Bi Mize. Alikuwa akikaanga samaki, na alimaliza kukaanga kwanza. Tulipokaa aliniomba nikisome kifungu kwa Kiswahili, nikakisoma, akaniomba nirudie.

"Kwa hiyo huu," akasema, akiuinua ukili uliokuwa magotini mwake, "ni wa wapi?"

Nikamjibu kwamba kwa kanuni hii utakuwa ukili tu.

Alitafuna polepole. Akaniuliza nini kitatokea kifungu kikiachwa kama kilivyokuwa, nikamweleza habari za ghala. Alifahamu upesi kuliko nilivyofahamu mimi. Nilimwuliza kama hawezi kurudi kusini, akakae na kusuka huko. Hilo lilimfanya atabasamu.

"Nnarudi kwa nani, mwanangu? Nyumba ya kaka ni ya mke wa kaka. Mie nshazoea mji." Kisha akasema, kama mtu anayeagiza kitu cha sokoni, "Andika. Mimi ni mmoja, wao ni wengi."

Nikaandika. Na jambo lingeishia hapo, kila mtu akijua hasara yake, kama ofisi ya msajili isingetaka kielelezo: mkeka mmoja kamili, ambao ndio utakaolinganishwa na mingine yote itakayoletwa kupigwa muhuri. Pamoja nao kiwepo kiapo cha mshonaji kwamba kila sehemu yake imetengenezwa ndani ya mpaka. Siku zilizobaki zilikuwa chache. Mkeka mzuri hauwezi kuharakishwa, na kusini nzima uliokuwa tayari, unaostahili kuwekwa mbele ya wazungu na mwenye duka wa Darajani, ni mmoja. Sikulazimika kuutaja. Bi Riziki mwenyewe alituma neno kwamba wa Mwanajuma uchukuliwe, na ofisi ikimaliza uhakiki utarudishwa kabla ya harusi. Hivyo ndivyo tulivyoahidiwa, na nafikiri aliyeahidi aliamini.

Nilikwenda na kiapo kilichopigwa chapa, na Bi Mize alifuatana nami. Nilimsomea Bi Riziki maneno yote katika sebule ileile, safari hii ikiwa na watu wanne tu, yeye na bintiye na sisi. Nilipofika kwenye maneno "kila sehemu" alininyoshea mkono ninyamaze. Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati yetu. Kidole chake gumba kilikuwa tayari kimepakwa wino.

"Mize kazaliwa chumba kile," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Ukili wake utakuwaje si wa hapa?"

Nilimjibu lililo kweli, kwamba haiulizwi alikozaliwa mtu, inaulizwa ulikosukwa ukili. Mwanajuma akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna atakayejua. Mama yake akamgeukia, akamwuliza kama Mungu naye yumo katika hao wasiojua. Bi Mize ndiye aliyesogea. Alipiga magoti mkekani, akatafuta mwanzo wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kiapo si mchezo, dada," alisema. "Usiape juu ya ukili wangu."

Akaanza kufumua. Bi Riziki alimtazama hadi alipofika robo ya urefu, kisha akashuka naye akaanza upande wa pili, na wakakutana kati. Ukili ulipotoka, Bi Riziki alizishona tena pande mbili zilizobaki, mkono wake ukienda haraka na vibaya, hata mistari ya rangi haikukutana sawasawa. Aliukunja ukili wa mdogo wake duara, kama wanavyokunja utambi, akaufungia sandukuni. Alisema utarudi mahali pake mkeka utakaporudi. Kisha akaweka kidole kwenye kiapo, na sasa kiapo kilikuwa kweli tupu.

Alama ilisajiliwa. Mwenye duka aliiondoa mikeka yake dirishani, na Maalim Sefu, ambaye paji lake lilikuwa limekwisha kutakata, alipita mbele ya duka lile mara kadhaa bila haja ya kununua kitu. Hilo lilikuwa jema, na sitaki mtu asome habari hizi akafikiri ninalidharau. Wanawake wa kusini waliuza kwa jina lao. Lakini mkaguzi aliyekuja kupiga mihuri alikuja na fimbo ya kipimo, na fimbo ilikuwa imekatwa kwa upana wa kielelezo. Mikeka iliyoshonwa kama ilivyoshonwa siku zote ilionekana imezidi, ikakataliwa. Vakili aliandika kueleza. Ofisi ikajibu kwamba kielelezo ni kielelezo. Basi kina mama walijifunza kushona mkeka uliopungua ukili mmoja kwa ajili ya muhuri, na wao wenyewe wakaendelea kulalia mipana. Ile ya muhuri waliiita mikeka ya ofisi. Walisema juu ya mkeka wa ofisi mtu akigeuka usingizini amelala chini.

Kielelezo hakikurudi. Niliulizia kila mwezi, kwa maandishi na kwa mdomo, na kila mara niliambiwa kwamba maadamu alama inaishi, kielelezo lazima kikae. Harusi ya Mwanajuma ilisogezwa, ikasogezwa tena, kisha upande wa bwana harusi ukaanza kuuliza. Bi Riziki alikataa kushona mwingine. Alisema binti yake ana mkeka, uko serikalini. Mwanajuma aliolewa juu ya mkeka wa kuazima. Bi Mize hakuuza tena mkeka. Alisuka makawa ya kufunikia chakula, na vipepeo vya kujipepea, vitu visivyoulizwa asili yake, na aliishi kwa hivyo hadi mwisho. Mwaka ulipoisha alirudi siku moja kutoka Darajani na mkeka wa muhuri alioununua dukani, kwa mwenye duka yuleyule. Sikumjua kununua mkeka kabla ya siku ile wala baada yake. Aliutandika sakafuni, akaupima upana kwa mkono, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko, tena na tena, kisha akaukunja akauweka juu ya kabati. Ulishuka siku za Idi, ukarudi. Ofisi ile ilikuja kufutwa, muhuri ukapoteza nguvu, na hakuna aliyejua kielelezo kimeishia wapi. Bi Riziki alikufa akiwa bado anakiulizia.

Mwanajuma alifika asubuhi ya hitima kutoka Makunduchi, mwanamke wa makamo kama mimi, ushungi umekaa sawa, kikapu mkononi. Tuliamkiana, tukapeana pole. Aliutazama mkeka tuliokuwa tumeutandika hivi punde, akainama kukisoma kile kitambaa kwa vidole, kwa kuwa kwa macho hajui kusoma. Akauliza kama ni wa mama mdogo. Nikamwambia naam. Alikaa chini, akatoa kikapuni sindano kubwa ya kushonea mikeka na kitu kilichokunjwa duara ndani ya karatasi. Sikuhitaji kuambiwa. Sandukuni hakuna jua, na damu ya mzee ilikuwa imebaki mbichi kama jioni zile za mlangoni, wakati mkeka wa juu ya kabati, kwa Idi zote zile, umekwisha kufifia kuwa rangi ya majani makavu.

Alishona ubavuni, bila haraka, huku wanawake wakiingia na kuvua viatu na kuuliza kwa macho. Uzi mpya, ukili wa miaka thelathini, mkeka wa ofisi. Nilimshikia ncha isicheze. Ukili ulikuwa mrefu kidogo kuliko mkeka, akaukata mwisho wake na kuufunga. Nilikuwa na kanuni yote kichwani, neno kwa neno, na kwa kanuni hiyo mkeka ule ulikuwa umeacha kuwa wa Makunduchi tangu alipochoma mshono wa kwanza. Sikumwambia. Alipomaliza aliupima kwa mkono wake, ncha ya kidole hadi kiwiko, tena na tena, kama alivyofanya Bi Mize.

"Sasa umetimia," alisema.

Tukaukalia, na hitima ikaanza.